Modeli ya mavizio ya Kilmichael kwa darasa la historia

Mwanafunzi akisomewa tu habari za Kilmichael hubaki na idadi ya maiti kichwani. Akiiona kona na miamba ya kando yake, ndipo anaelewa kwa nini doria ya watu waliowahi kuwa maofisa wa jeshi la Uingereza iliangamia pale, Jumapili ya tarehe 28 Novemba 1920, kwenye barabara ya kati ya Macroom na Dunmanway, kaunti ya Cork, Ireland, ilipoviziwa na wapiganaji wa IRA waliopigania uhuru wa nchi hiyo kutoka kwa Uingereza. Mwanza tumezungukwa na mawe, kwa hiyo sehemu ngumu ya modeli hii karibu ni ya bure.

Chukua nusu shiti ya plaiwudi, sentimita 122 kwa 122, unene milimita 12. Kipimo ni 1 kwa 200: sentimita 1 ni mita 2 za ardhi. Pigilia mbao za mbili kwa moja chini yake, pembeni na katikati, kisha paka rangi ya mafuta pande zote mbili. Usiruke hatua hii. Uji wa gundi hulowesha upande mmoja tu, ubao unapinda, na barabara yako inapasuka katikati.

Vilima ni magazeti yaliyofinyangwa, yakafunikwa vipande vilivyochovywa kwenye gundi. Koroga kikombe 1 cha unga wa muhogo kwa maji baridi kidogo, ongeza maji hadi vikombe 5, chemsha mpaka weupe uishe. Tia kijiko cha chumvi, maana bila hiyo ukungu huota upesi. Tabaka nne zinatosha, kila moja ikauke kabisa kabla ya inayofuata. Ukiitaka kwa tarehe yenyewe, anza mapema Oktoba, kwani Novemba vuli inanyesha na karatasi haikauki.

Miamba omba kwa wagonga kokoto: vipande vya sentimita 1 hadi 2, vyenye kona kali. Vizamishe theluthi moja wakati gundi ni mbichi. Ukivibandika juu juu vinaonekana kama mawe yaliyomwagika. Mchanga nunua kwa wajenzi, uoshe, uanike. Msiwatume watoto kuuchota ziwani, kuna kichocho. Na tafadhali, matete yasiguse modeli. Kinamasi cha kule kwa Novemba ni cha kahawia: unga wa mbao uliochemshwa kwenye chai kali ya rangi unafanana nacho vizuri.

Barabara iwe na upana wa sentimita 2, ipinde. Magari ni mawili, aina ya Crossley, wazi nyuma: sentimita 2.5 kwa 1, ya boksi gumu. Watu ni njiti za kiberiti zilizokatwa milimita 9: tisa kila gari, na 36 wa rangi nyingine kwa wapiganaji wa IRA walioongozwa na Tom Barry, wengi wao nyuma ya miamba.

Sasa jaribio lenyewe. Geuza simu kichwa chini ili kamera ikaribie barabara, iweke pale gari la kwanza linapotokea upande wa Macroom, piga picha. Ukiona ncha hata moja ya njiti nyuma ya mwamba, jiwe ni fupi au kona imelegea. Rekebisha kabla ya kupaka rangi.

Kwenye vibao, watu wa doria wasiandikwe wanajeshi wala Black and Tans, yaani askari wengine wa nyongeza wa polisi wa Ireland. Walikuwa Auxiliary Division, kikosi cha RIC (polisi wa Ireland chini ya utawala wa Uingereza) kilichoundwa Julai 1920. Kati ya 18, 16 walifia pale, mmoja alikimbia akakamatwa na kuuawa, mmoja alinusurika na majeraha mabaya. Upande wa Barry walikufa Michael McCarthy, Jim O'Sullivan na Pat Deasy.

Njiti za gari la pili zisitiwe gundi. Barry alisema askari wale walijifanya kusalimu amri kisha wakafyatua risasi. Wako wanahistoria wanaolikataa hilo. Zishikize kwa tone la nta ya mshumaa, wanafunzi wazipange kwa maelezo yote mawili na kubishana mbele ya ubao. Somo liwe asubuhi: chini ya bati, mchana nta hulainika na njiti zinalala zenyewe.