Nyama ya kuoka pande zima, ya siku una wageni wa maana

Nikisema rosti najua mtu wa Bongo anawaza ile nyama ya vipande kwenye nyanya na vitunguu, mchuzi mzito, pembeni ndizi au chapati. Hiyo leo tuiache. Naongelea pande zima la nyama ya ng'ombe, kilo mbili na nusu hivi, unalioka taratibu halafu unalikata mezani watu wakiwa wanaangalia. Mi naipika Krismasi, siku ya kipaimara, au siku wakwe wanakuja, siku za kawaida siwezi, gesi yenyewe bei gani jamani.

Sasa kabla ya viungo tuongee kuhusu ng'ombe mwenyewe, maana hapo ndo wengi tunafeli. Ng'ombe wetu wengi ni zebu, hawa wa nundu, wametembea maisha yao yote kutafuta majani na maji, mpaka wanafika mnadani Pugu ni watu wazima. Nyama yao ina ladha kweli ila imekomaa. Halafu ikichinjwa usiku asubuhi iko bucha, saa nne uko nayo jikoni, bado imekakamaa. Ndo maana ukifuata maelekezo ya Wazungu ya kuoka saa moja na nusu katikati ibaki pinki, mtatafuna mpaka mashavu yaume, yale yameandikwa kwa ng'ombe mdogo aliyelishwa nafaka na nyama ikatundikwa kwenye baridi siku kibao.

Kwa hiyo nunua siku tatu kabla ya shughuli. Omba bega, lile lenye mafuta mafuta na vile vikamba vyeupe ndani. Watu wanakimbilia sarara kwa sababu ni ghali wanaona ndo heshima, lakini sarara ni ya kukaanga haraka, ukiioka masaa matatu inakuwa mbao. Na uwahi kusema, kwa sababu muuza bucha mkono wake umezoea, mi mara ya kwanza nageuka kutoa hela tu nasikia panga limeshashuka, "kaka usikate!", ananiangalia, "sasa dada utaipikaje nzima hivi?" Nikarudi nyumbani na nusu pande.

Ukifika nyumbani ioshe kama lazima uoshe, ila ifute mpaka ikauke kabisa. Paka chumvi, kijiko cha chai kimoja na kidogo kwa kila kilo, weka kwenye sahani, ingiza kwenye friji chini kabisa bila kufunika, siku mbili. Itakuwa nyeusi nyeusi kwa nje na ngozi itakauka, usiogope, hiyo ndo inayokuja kupata rangi nzuri. Na chumvi inakuwa imeingia ndani, sio ile ya kukolea juu tu.

Papai bichi je? Linasaidia, ila lina masharti. Mwaka juzi nilitwanga nusu papai nikapaka nikaacha usiku kucha nikijiona fundi, asubuhi nje imekuwa kama uji, kidole kinazama, na ndani ngumu vilevile, maana papai halifiki mbali, linafanya kazi juu juu. Siku hizi ni kijiko kimoja cha chakula kwa pande zima, saa moja tu kabla ya kupika, na nikijisahau nisipoweka wala hakuna anayejua.

Siku yenyewe itoe kwenye friji saa moja kabla. Twanga kitunguu saumu punje nane, tangawizi, pilipili manga, binzari nyembamba iliyokaangwa kidogo. Toboa toboa nyama na ncha ya kisu, shindilia huo mchanganyiko kwenye matundu. Usiupake nje bado, kitunguu saumu kitaungua kiwe kichungu. Ndimu pia subiri.

Weka sufuria nzito motoni, mafuta kidogo, yakipata moto sawasawa weka nyama na uiache. Usiichokonoe. Ikishika rangi itaachia yenyewe, unageuza upande mwingine, pande zote kama robo saa. Toa, kaanga vitunguu maji vitatu na karoti kwenye mafuta hayohayo, mwaga kikombe kimoja cha maji, kwangua zile kahawia za chini, ndo utamu wote uko hapo. Rudisha nyama, funika kwa foili halafu mfuniko juu ubane kabisa.

Wenye oveni ni digrii 150, masaa matatu mpaka matatu na nusu. Wasio na oveni, jiko la mkaa linatosha kabisa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko kama unavyooka keki, ukizidisha ya chini mchuzi unakauka na nyama inashika. Kila nusu saa geuza, chungulia maji, ongeza kidogo kama yameisha, ongeza na makaa. Moto mdogo ndo unayeyusha vile vikamba, moto mkali unavikaza, kwa hiyo wageni wakiwahi wape soda. Chomeka uma, uingie na utoke bila kuvutana.

Ikifika hapo funua, kamulia ndimu moja, paka mchuzi wake juu, oveni panda 220 au rundika makaa juu ya mfuniko, dakika 15 ishike rangi. Kisha itoe uifunike na foili dakika 20 bila kuikata, hata kama shemeji anazunguka na sahani, ukikata ya moto vile maji yote yanaishia kwenye kibao. Wakati inapumzika chemsha ule mchuzi upungue, engua mafuta ya juu, onja chumvi.

Kwenye kukata angalia nyuzi za nyama zimelala wapi, kisu kipite kuzikata katikati, vipande vyembamba, ukifuata nyuzi utarudisha ugumu wote uliohangaika kuutoa. Mwagia mchuzi, pilau pembeni, kachumbari yenye pilipili. Mi kile kipande cha mwisho chenye ukoko mweusi huwa nakila jikoni kabla sijapeleka sahani.