Somo: Moshi wa sigara usimfikie mtoto nyumbani

Kuvutia sigara sebuleni mtoto akiwa chumbani hakumkingi, hata dirisha likiwa wazi. Nyumba nyingi hapa Tabora kuta za vyumba haziishii paani, moshi unapita juu kwa juu. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko mtu mzima. Ndiyo maana moshi huo unamletea nimonia, pumu, masikio kutoka usaha, hata kifo cha ghafla usingizini.

1. Uvutaji uhamie nje kabisa. Barazani si nje! Chota vumbi, liachie, uone linakopeperukia. Mvutaji akae upande huo, hatua ishirini hivi kutoka ukutani. Upepo ukigeuka, kiti nacho kihame.

2. Pale kwenye kiti weka kopo la mchanga lenye mfuniko, la kuzimia vipande vya sigara. Mtoto anayetambaa akitafuna kichungi cha sigara atatapika na kutokwa mate, mkimbizeni hospitali.

3. Mvutaji awe na shati la kuvaa anapovuta tu, litundikwe hukohuko nje. Akimaliza asukutue, anawe kwa sabuni hadi viwiko, akae dakika kumi ndipo ampakate mtoto. Wengi wananawa vidole tu, halafu mtoto analazwa kifuani kwenye shati lilelile.

4. Fueni mapazia, shuka na chandarua, maana nikotini, sumu ya tumbaku, hung'ang'ania kitambaa. Chandarua chenye dawa kifuliwe taratibu kwa sabuni ya kipande, kianikwe kivulini. Jua linaua dawa.

Mgeni mzee asikatazwe mlangoni. Mwahini: "Shikamoo babu, kiti chako kipo chini ya mwembe."

MASWALI

*Mvua ikinyesha, baba watoto avutie wapi? Jikoni?*
Hapana dada, jikoni ndiko mtoto anakoshinda mgongoni kwako. Mjengeeni kibanda kisicho na kuta, nguzo nne na nyasi juu.

*Nikifukiza udi baada ya wageni kuvuta?*
Udi unafunika harufu, sumu inabaki, na umeongeza moshi mwingine.

*Sisi hatuvuti, ila huku Urambo marobota ya tumbaku tunayaweka chumbani tunakolala na mtoto.*
Yatoeni, ndugu, au mtoto alale kwingine. Vumbi la tumbaku lina nikotini. Na mama aliyeshika majani mabichi, hasa yenye umande, anawe na abadili nguo kabla ya kunyonyesha. Nikotini inapenya ngozi: kichwa kinauma, kichefuchefu, watu wanadhani ni malaria.