Kadi janja za chuo: kuthibitisha mwenye kadi na kulinda malipo

Kadi moja ya mwanafunzi hufungua hosteli, huazima vitabu na kulipia chakula. Anayeinakili amepata vyote kwa mpigo. Mwongozo huu ni wa fundi wa TEHAMA aliyekabidhiwa mfumo wa kadi, uwe mpya au wa kurithi.

Hatua ya 1: Jua una kadi gani

Isome kadi moja kwa simu yenye NFC (mawasiliano ya redio ya masafa mafupi) na programu ya kutambua chipu. Simu isipoona chochote, huenda ni kadi ya kilohezi 125. Nyingi za aina hiyo humtajia namba ileile yeyote anayeuliza. Ikijitambulisha kuwa MIFARE Classic, panga kuibadilisha: usimbaji wake, Crypto1, ulivunjwa na watafiti wakatangaza matokeo yao mwaka 2008. Kinachofaa ni kadi yenye usimbaji wa AES wa biti 128, mfano MIFARE DESFire EV2 au EV3.

Hatua ya 2: Acha kuamini namba ya kadi

Kadi ya gharama haisaidii kitu ikiwa kisomaji kinaangalia UID tu, yaani namba ya utambulisho ya chipu, na kufungua mlango. UID haikuwahi kuwa siri. Hutolewa kabla ya uthibitishaji wowote, na kadi tupu ambazo UID yake huandikwa upya zinauzwa waziwazi. Ingia kwenye mipangilio ya kila kisomaji, zima usomaji wa namba pekee, washa uthibitishaji wa pande mbili. Hapo kadi na kisomaji huulizana kwa namba za nasibu, na kila upande huthibitisha kuwa unaujua ufunguo bila ufunguo wenyewe kupita hewani.

Usiweke ufunguo mmoja kwenye kadi zote. Ukivuja kutoka kadi moja, umevuja kwa chuo kizima. Zalisha ufunguo wa kila kadi kutokana na ufunguo mkuu na namba ya kadi hiyo. Ufunguo mkuu ukae ndani ya SAM, chipu salama inayochomekwa kwenye kisomaji. Ukiukuta kwenye faili la mipangilio, au kwenye barua pepe ya mkandarasi (hutokea), uhesabu umeshavuja. Funguo za kiwandani zibadilishwe kabla kadi haijatoka ofisini.

Hatua ya 3: Mhakiki mtu, si karatasi

Picha ipigwe papo hapo, na anayesajili asiwe anayechapisha. Dirisha la "nimepoteza kadi" ndilo mlango rahisi zaidi wa tapeli, kwa hiyo uhakiki wake uwe mkali sawa na ule wa siku ya kwanza. Kadi ya zamani ifungwe kwanza, ndipo mpya ichapishwe.

Hatua ya 4: Salio likae kwenye seva

Kadi ithibitishe mtu tu. Hesabu ya fedha ifanywe kwenye seva. Kila muamala upewe namba yake ya kipekee, ili mashine ya kantini ikirudia kutuma kwa sababu ya mtandao mbovu, mwanafunzi asikatwe mara mbili.

Mtandao ukikatika kabisa, ruhusu malipo madogo yenye ukomo, kila moja likiwa na sahihi ya kidijitali na namba ya mfuatano. Orodha ya kadi zilizofungwa ihifadhiwe kwenye kila mashine. Kiasi kikubwa kidai namba ya siri. Usitegemee kwamba kadi husomwa kwa umbali wa takriban sentimita 10 tu: simu mbili zinaweza kupokezana mawasiliano yake kutoka mbali, na AES haizuii hilo.

Hatua ya 5: Jishambulie

Nakili UID ya kadi yako kwenye kadi tupu, uipitishe kwenye kila mlango na kila kaunta, hata mashine ya fotokopi inayosahaulika. Kisha ripoti kadi ya majaribio kuwa imepotea, shika saa, na uendelee kuigusisha mpaka mashine ya mwisho iikatae. Muda huo ndio mwizi anao wa kutumia fedha za watu. Uandike kwenye ripoti yako kwa wakuu.