Chama au Eneo? Namna ya Kuchambua Kura za Bunge la Marekani kwa Mfano wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964

Wanafunzi wengi wanaoanza utafiti wa siasa za Marekani hukimbilia hotuba za marais, ilani za vyama na tahariri za magazeti. Nimesimamia kazi za namna hii kwa miaka kadhaa, na ushauri ninaoutoa kila mara ni kwamba waanze na kura za wabunge. Kila kura ya majina iliyopigwa katika Seneti na katika Baraza la Wawakilishi tangu mwaka 1789 imehifadhiwa, jina kwa jina, na kumbukumbu zake zinapatikana bure kwenye intaneti. Mtu aliyeko Dodoma, Eldoret au Minneapolis, mwenye kompyuta ya kawaida na kifurushi cha intaneti, anafanyia kazi takwimu zilezile zinazotumiwa na profesa wa chuo kikuu kikubwa cha huko.

Katika mwongozo huu tutafuata swali moja tangu mwanzo hadi mwisho: Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika maeneo ya huduma kwa umma na katika ajira, ilipopigiwa kura, kilichomwongoza mbunge ni chama chake au ni eneo alikotoka?

Hatua ya kwanza: Ifanye mada iwe swali linalohesabika

"Ubaguzi wa rangi na siasa za Marekani" ni mada ya kujaza maktaba, wala si swali la utafiti. Swali linafaa pale unapoweza kutaja unachokihesabu, unakihesabu wapi, na jibu la namna gani lingekuonyesha kwamba dhana yako si sahihi. Hapa tunachohesabu ni mbunge mmoja mmoja na kura yake juu ya muswada namba H.R. 7152, ambao serikali ya Rais Kennedy iliusukuma mwaka 1963 na ambao mrithi wake, Rais Johnson, aliutia saini tarehe 2 Julai 1964. Ikiwa chama ndicho kilichoongoza, Wademokrati wa Kusini na wa kwingineko watafanana. Ikiwa ni eneo, watatofautiana hata wakiwa wa chama kimoja. Andika matarajio hayo mawili kwenye daftari kabla ya kufungua faili lolote, maana ukishaziona namba ni vigumu kukumbuka kwa uaminifu ulichokuwa ukikitarajia.

Hatua ya pili: Amua ni kura ipi

Muswada mmoja huwa na kura nyingi. Huu ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi tarehe 10 Februari 1964 kwa kura 290 dhidi ya 130. Katika Seneti, wapinzani wake walivuta mjadala kwa zaidi ya miezi miwili ili usifike mwisho, hadi tarehe 10 Juni ilipopigwa kura ya kufunga mjadala, iliyopita kwa 71 dhidi ya 29. Wakati huo kanuni ilidai theluthi mbili ya waliopiga kura, yaani 67 ikiwa wote 100 wamehudhuria; kiwango cha sasa cha kura 60 kimetokana na mabadiliko ya mwaka 1975. Tarehe 19 Juni Seneti iliupitisha muswada wenyewe kwa 73 dhidi ya 27, na tarehe 2 Julai Baraza la Wawakilishi likayakubali mabadiliko ya Seneti kwa 289 dhidi ya 126.

Usiseme tu "kura ya 1964". Charles Weltner wa Georgia aliukataa muswada mwezi Februari na kuukubali mwezi Julai, hivyo mtafiti asiyetaja tarehe anaweza kumweka upande wowote anaoutaka. Sisi tutatumia kura ya Seneti ya 19 Juni, kisha tutaipima kwa kura ya Baraza la Wawakilishi ya 10 Februari.

Hatua ya tatu: Pakua mafaili na uzielewe namba zake

Hazina kubwa ya kura hizi ni Voteview, iliyotokana na kazi ya wanazuoni Keith Poole na Howard Rosenthal na ambayo sasa inatunzwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Chagua Bunge la 88 (lile la 1963 hadi 1965), chagua Seneti, kisha pakua mafaili matatu ya CSV, yaani majedwali yanayofunguka kwenye programu yoyote ya lahajedwali: la wajumbe, la kura walizopiga, na la maelezo ya kila kura. Katika faili hili la tatu tafuta tarehe na namba ya muswada ili upate namba ya kura unayoihitaji.

Kila mjumbe ana namba yake katika safu ya "icpsr", na namba hiyo ndiyo kiungo cha faili la wajumbe na faili la kura. Safu ya "cast_code" ndiyo yenye kura. Namba 1 ni ndiyo na 6 ni hapana, lakini 2 na 5 ni za wajumbe wawili wenye misimamo inayopingana waliokubaliana kufidiana ili kutokuwapo kwa mmoja kusiuumize upande wake. 3 na 4 ni za waliotangaza msimamo bila kupiga kura. 9 ni ya asiyepiga kura kabisa. Kwa kura ya Seneti ya 19 Juni suala hili halitakusumbua, kwa kuwa wajumbe wote 100 walipiga kura. Kwa Baraza la Wawakilishi ni jambo la lazima: ukichanganya namba 1 na 2 na 3 huenda usiipate ile 290 iliyoko kwenye kumbukumbu rasmi, na hutajua ulipokosea. Amua mapema kwamba unahesabu 1 na 6 tu, na uliandike jambo hilo katika maelezo ya mbinu zako.

Hatua ya nne: Unganisha mafaili kwa uangalifu

Utashangaa kuona faili la wajumbe wa Seneti lina majina zaidi ya 100. Si kosa. Wajumbe hufariki na wengine hushika nafasi zao ndani ya Bunge lilelile: Estes Kefauver wa Tennessee alifariki Agosti 1963, na Herbert Walters akateuliwa kuchukua kiti chake. Kwa hiyo anza na faili la kura, chukua mistari ya kura unayoitafuta tu, ndipo ulete jina, jimbo na chama kutoka faili la wajumbe. Ukianza na faili la wajumbe utabeba pia watu ambao siku hiyo hawakuwamo ukumbini.

Kuna pia suala la waliohama chama. Strom Thurmond wa South Carolina anakumbukwa na wengi kama Mrepublikani, lakini alihama Septemba 1964, miezi mitatu baada ya kura hii. Ukimpa chama chake cha baadaye, Wademokrati waliosema hapana watakuwa 20 badala ya 21, na Warepublikani watakuwa 7 badala ya 6. Chama kinachohesabika ni kile alichokuwa nacho siku ya kura.

Hatua ya tano: Sema wazi "Kusini" ni wapi

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo utafiti mwingi wa namna hii unapoharibika.

Kwa mfano wetu, Kusini ni majimbo 11 yaliyojitenga na kuunda Shirikisho la Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe: Virginia, Alabama, Arkansas, Florida, Georgia, Louisiana, Mississippi, North Carolina, South Carolina, Texas na Tennessee. Katika namba za majimbo zinazotumiwa na Voteview, kumi kati ya hayo yamepangwa mfululizo kuanzia 40 hadi 49, lakini Tennessee ni 54. Nilipofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza niliandika "40 hadi 49" nikaendelea. Wademokrati wa Kusini wakatoka 1 dhidi ya 18, na wa nje ya Kusini 45 dhidi ya 3. Nilijumlisha, nikapata 46 dhidi ya 21, sawasawa na jumla rasmi, nikaridhika. Kosa lilijificha kwa wiki kadhaa, kwa sababu maseneta wawili wa Tennessee, Albert Gore mkubwa na Walters, walikuwa wamehamia fungu jingine tu na jumla haikutikisika. Niliwagundua siku nilipoyasoma majina yenyewe. Tangu hapo natumia safu ya "state_abbrev", yenye vifupisho vya majimbo kwa herufi, na kila fungu nalisoma jina kwa jina kabla ya kuliamini.

Hatua ya sita: Tengeneza jedwali, kisha ligawe

Anza na chama peke yake. Katika Seneti, Wademokrati walikuwa 46 dhidi ya 21, yaani asilimia 69 walikubali, na Warepublikani 27 dhidi ya 6, yaani asilimia 82. Ukiishia hapo utaandika kwamba Warepublikani waliunga mkono haki za kiraia kuliko Wademokrati, na namba zako zitakuwa sahihi.

Sasa gawa kwa eneo. Nje ya Kusini, Wademokrati ni 45 dhidi ya 1 (asilimia 98) na Warepublikani ni 27 dhidi ya 5 (asilimia 84). Kusini, Wademokrati ni 1 dhidi ya 20, na yule mmoja ni Ralph Yarborough wa Texas. Mrepublikani pekee wa Kusini, John Tower, pia wa Texas, alisema hapana. Picha imegeuka: katika kila eneo Wademokrati wanaongoza kwa asilimia, ilhali katika jumla wako nyuma. Sababu ni mgawanyo wa viti. Kati ya Wademokrati 67, 21 walitoka Kusini, eneo ambalo chama hicho kilikuwa kimelishika karibu peke yake kwa vizazi kadhaa, na kati ya Warepublikani 33 alitoka mmoja tu. Wanatakwimu huliita jambo hili kitendawili cha Simpson, na sijui mfano wake ulio bora zaidi katika siasa.

Je, matokeo haya ni imara? Yajaribu kwa kubadilisha mipaka. Baadhi ya wachambuzi huongeza Kentucky na Oklahoma, wakapata majimbo 13 ya Kusini. Maseneta wawili wa Kentucky walikuwa Warepublikani na wa Oklahoma walikuwa Wademokrati, na wote wanne walisema ndiyo. Kwa mipaka hiyo, Wademokrati wa Kusini wanakuwa 3 dhidi ya 20, lakini Warepublikani wa Kusini wanakuwa 2 dhidi ya 1. Pengo kati ya maeneo linabaki palepale, bali dai la kwamba Wademokrati waliongoza "katika kila eneo" linaanguka. Lilikuwa limesimama juu ya mtu mmoja, John Tower.

Ndiyo maana tunalihitaji Baraza la Wawakilishi, lenye watu wengi zaidi. Kwa majimbo 11, kura ya Februari inatoa Wademokrati wa Kusini 7 dhidi ya 87 na Warepublikani wa Kusini 0 dhidi ya 10. Nje ya Kusini, Wademokrati 145 dhidi ya 9 na Warepublikani 138 dhidi ya 24. Hapa mpangilio ni uleule, na fungu dogo lina watu kumi. Katika maandishi yako, dai la eneo litamke kwa nguvu, na dai la chama ndani ya Kusini litamke kwa tahadhari, ukieleza kwamba linategemea zaidi Baraza la Wawakilishi.

Hatua ya saba: Rudi kwenye kumbukumbu za mijadala

Kura huonyesha nani alisema nini mwishoni, lakini hazionyeshi miswada iliyozimwa kabla ya kupigiwa kura. Kamati ya Sheria ya Seneti iliongozwa na James Eastland wa Mississippi, na kiongozi wa wengi, Mike Mansfield, aliuepusha muswada huu na kamati hiyo kwa kuupeleka moja kwa moja kwenye orodha ya kazi za Seneti. Hatua za namna hiyo utazikuta katika kumbukumbu rasmi za Bunge, juzuu ya 110, inayopatikana bure kwenye tovuti ya govinfo.

Zisome kwa tahadhari. Wajumbe huruhusiwa kurekebisha na kuongeza maneno yao kabla ya kuchapishwa, na ni kuanzia Machi 1978 tu ndipo hotuba ambazo hazikutamkwa ukumbini zilipoanza kuwekewa alama. Kwa mwaka 1964, usiandike "alisema mbele ya Seneti" kwa kuwa tu maneno yako kwenye ukurasa.

Voteview hutoa pia alama za NOMINATE, zinazomweka kila mjumbe, kwa kufuata kura alizopiga, kwenye vipimo viwili, kila kimoja kati ya hasi moja na chanya moja. Kwa kipindi hiki tumia vipimo vyote viwili vya alama hizo, kwani cha pili ndicho kilichobeba mgawanyiko wa rangi na eneo katikati ya karne ya 20.

Hatua ya nane: Chunguza wasiofuata mkumbo

Sasa chukua majina machache yaliyo nje ya mpangilio: Yarborough, Robert Byrd wa West Virginia (yule Mdemokrati mmoja wa nje ya Kusini aliyekataa), na Warepublikani watano wa nje ya Kusini waliokataa, yaani Goldwater, Hickenlooper, Mechem, Simpson na Cotton. Goldwater alikuwa ameziunga mkono sheria za haki za kiraia za 1957 na 1960, na hoja yake mwaka 1964 ilikuwa kwamba vifungu vya maeneo ya huduma kwa umma na vya ajira vinakwenda kinyume cha Katiba. Byrd alizungumza zaidi ya saa 14, kuanzia jioni ya 9 Juni hadi asubuhi ya kura ya kufunga mjadala. Katika faili, wote wawili ni namba 6.

Kwa ajili hiyo ongeza kwenye jedwali lako safu moja ya maelezo, na uijaze kwa mkono. Katika safu yangu, kwenye mstari wa Clair Engle wa California, siku ya 10 Juni, nimeandika: "Mgonjwa wa uvimbe kwenye ubongo, aliingizwa kwa kiti cha magurudumu, hakuweza kusema, alionyesha jicho lake kwa kidole, kwa kuwa kwa Kiingereza jicho na ndiyo ya bungeni hutamkwa sawa, akahesabiwa ndiyo. Alifariki 30 Julai." Katika safu ya kura kuna 1.