Somo: Kutunza kucha za mikono nyumbani na kuhudumiwa saluni bila kudhurika

Ukucha tunaoukata na kuupaka rangi hauna uhai. Kazi ya kuutengeneza hufanyika kwenye shina, chini ya ngozi, na kinachotoka pale husogea mbele kwa takriban milimita 3 kwa mwezi, ndiyo maana ukucha wa mkono uliong'oka huhitaji kama miezi 6 kurudi mzima. Kwa sababu hiyo somo hili litakaa zaidi kwenye shina na ngozi inayoliziba kuliko kwenye urembo.

Hatua ya kwanza: kukata. Kata kucha baada ya kuoga, zikiwa zimelainika, kwa kikata kucha au mkasi mdogo. Wembe, ambao wengi wetu tumeuzoea tangu shuleni, huteleza kwa urahisi na kuingia kwenye nyama, na ukipita mikononi mwa watu kadhaa nyumbani unaweza kubeba damu ya mmoja hadi kwa mwingine. Fuata umbo la ncha ya kidole, bakiza ukingo mweupe kidogo, na usichimbe pembeni.

Hatua ya pili: kusugua kwa tupa ya kucha. Sugua ukingo kwa kuelekea upande mmoja, bila kwenda na kurudi, ili ncha isichanike.

Hatua ya tatu: ngozi ya shina. Tazama kidole gumba chako pale ukucha unapoanzia. Utaona utando mwembamba ulioshikamana na ukucha wenyewe, na huo ndio muhuri unaozuia maji machafu na vijidudu visiingie kwenye shina. Saluni nyingi huukata kwa sababu kucha huonekana ndefu na safi zaidi, lakini siku chache baadaye mteja huweza kurudi na kidole kilichovimba, kinachopwita usiku kucha na kutunga usaha pembeni, yaani ule ugonjwa ambao wengi huuita mdudu wa kidole. Loweka vidole katika maji ya vuguvugu kwa dakika chache, kisha sukuma ngozi hiyo taratibu kwa pembe ya taulo. Kinachofaa kukatwa ni kile kipande kilichokwisha kuchanika chenyewe, basi. Fundi akianza kutoa vifaa vyake, mwambie mapema: "Ngozi usikate, sukuma tu."

Hatua ya nne: maji na mafuta. Mama anayefua kwa mikono, kijana anayeosha vyombo mgahawani na anayepara samaki feri wana tatizo moja: ukucha hunyonya maji ukatanuka, ukikauka husinyaa, na kurudiarudia huko hutenganisha tabaka zake. Vaa glavu za mpira, kausha vidole vizuri hata katikati yake, na kabla ya kulala paka mafuta ya mgando au ya nazi kwenye kucha na kuzunguka shina.

Hatua ya tano: saluni. Hapa naomba usione haya kuuliza. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, tena juu ya chuma ambacho hakina doa lolote la damu linaloonekana. Chombo cha chuma kinapaswa kusuguliwa kwanza kwa sabuni na maji, kisha kitakaswe kwa mvuke wenye shinikizo, au angalau kizamishwe kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kukipangusa kwa pamba yenye spiriti kati ya mteja na mteja hakutoshi. Kile kisanduku chenye taa ya buluu nacho hakitakasi chombo kichafu, kwa kuwa mwanga haupiti chini ya uchafu. Tupa za karatasi na vijiti vya mbao ni vya mtu mmoja tu.

Vijana wanaotembea mitaani na vikapu vya rangi, wakihudumia kutoka kibaraza hadi kibaraza, wanafanya kazi halali na wengi wana mkono mzuri, ila hawana mahali pa kutakasia vifaa. Nunua kikata kucha chako, tupa na kijiti, uviweke kwenye kipochi, uwape watumie hivyo.

Kuhusu jeli na kucha za kubandika: jeli mbichi, yaani ambayo bado haijakaushwa kwa taa, isiguse ngozi, kwani huweza kukuletea mzio wa kudumu, na usizibandue kwa nguvu, kwa kuwa hung'oka na tabaka la ukucha wako. Ziloweshwe kwa asetoni hadi zilainike.

Maswali ya washiriki

*Shikamoo mwalimu. Nina vidoa vyeupe kwenye kucha, na jirani anasema nimepungukiwa na kalsiamu.*

Marahaba. Mara nyingi vidoa hivyo hutokana na kugongwa kidogo kwenye shina, nawe utaviona vikisogea mbele hadi uvikate. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama kucha zingebonyea katikati mfano wa kijiko, kwa maana hiyo huweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma, na hapo unapaswa kupima damu.

*Kucha mbili zimekuwa nene na za njano. Nimepaka limau bila mafanikio.*

Huenda ni fangasi, lakini si kila ukucha mnene una fangasi, hivyo ni vyema kipande kipimwe kabla ya dawa. Vidonge vya tebinafini kwa kucha za mikono kwa kawaida humezwa kwa wiki 6, chini ya uangalizi wa daktari. Usizifunike kwa rangi.

*Ninaolewa mwezi ujao. Je, hina na piko ni salama?*

Hongera, mwanangu. Hina halisi haina neno, tena haizuii maji ya udhu kama rangi ya kucha. Piko iliyokorogwa kwa unga wa rangi nyeusi ya nywele iepuke, kwani huweza kubabua ngozi na kuacha malengelenge.

*Nina mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba. Ni hatari?*

Sisi watu weusi huwa na mistari kama hiyo kwenye vidole kadhaa, na kwa kawaida haina madhara. Mstari mmoja mpya, unaopanuka, au ambao weusi wake umevuja hadi kwenye ngozi, unahitaji daktari wa ngozi mapema, kwani huweza kuwa saratani ya ngozi. Bob Marley aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na saratani ya aina hiyo chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Nenda ukiwa umeondoa rangi kwenye kucha zote, za mikono na za miguu, ili daktari aweze kuzilinganisha.