Jinsi ya Kujiandaa kwa Shahada ya Uzamili katika Maadili ya Tiba na Sheria ya Afya

Darasa la maadili ya tiba na sheria ya afya huwakutanisha madaktari, wauguzi, wanasheria, wanafalsafa na maofisa wa ustawi wa jamii, na kila mmoja huingia akiwa na pengo lake. Mwanasheria huwa hajui jinsi uamuzi unavyofanyika wodini usiku wa manane, ilhali tabibu huwa hajawahi kusoma hukumu ya mahakama kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Litambue pengo lako kabla ya kuomba nafasi, kwa kuwa ndilo litakaloamua chuo kinachokufaa.

Unapolinganisha vyuo, usiishie kwenye jina la kozi. Angalia ni nani anayefundisha: sheria ifundishwe na mwanasheria, na falsafa ifundishwe na mtu aliyeisomea. Angalia pia kama shahada ni ya masomo ya darasani, ya tasnifu pekee, au ya vyote viwili, na kama wanafunzi wanaruhusiwa kuhudhuria vikao vya kamati ya maadili ya utafiti, ambako nadharia hupimwa kwa maombi halisi ya watafiti. Fahamu vilevile kwamba shahada hii peke yake haikupi leseni ya kutibu wala ya uwakili.

Kabla ya kuandika barua ya maombi, soma nyaraka za msingi zenyewe badala ya muhtasari wake: Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, Azimio la Helsinki la 1964 pamoja na marekebisho yake, Ripoti ya Belmont ya 1979, zote tatu zikihusu utafiti kwa binadamu, na Azimio la UNESCO la 2005 kuhusu maadili ya tiba na haki za binadamu. Si ndefu. Kwa kila waraka, uliza ni madhara gani yaliyoulazimisha uandikwe. Ripoti ya Belmont, kwa mfano, haieleweki vizuri bila utafiti wa Tuskegee nchini Marekani, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili maendeleo ya ugonjwa yachunguzwe, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida.

Stadi inayodai jasho zaidi ni kusoma kesi, nami naamini hakuna maandalizi yanayolipa kuliko haya. Anza na Montgomery dhidi ya Lanarkshire Health Board (bodi ya afya ya umma huko Scotland), iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015. Montgomery, mama mjamzito mwenye kisukari, mfupi wa kimo, hakuambiwa na daktari wake kwamba kwa wanawake wa hali yake uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua ulikuwa asilimia 9 hadi 10. Mabega yalikwama, na mtoto akapata ulemavu wa kudumu. Mahakama za chini zilikuwa zimempa daktari ushindi, lakini majaji saba waliona kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa hatari yoyote ambayo mtu wa kawaida aliye katika hali yake angeiona ni ya maana, au ambayo daktari alipaswa kujua kuwa mgonjwa huyo mahususi angeijali. Andika kwanza, kwa maneno yako, kile ambacho sheria ilidai. Kisha, katika ukurasa mwingine, andika kile ambacho daktari alipaswa kufanya hata kama sheria isingedai lolote. Mwanafunzi anayechanganya maswali haya mawili hutoa insha zinazoyumba, kwa sababu uhalali wa jambo si ushahidi kwamba jambo hilo ni jema.

Katika barua ya maombi, eleza tatizo moja unalotaka kulichunguza. "Ridhaa ya mgonjwa" ni uwanja mzima. "Ridhaa ya mgonjwa wa akili anayekataa upasuaji wa dharura" ni swali linaloweza kupata msimamizi. Ukikusudia kuwahoji wagonjwa au wahudumu kwa ajili ya tasnifu, utahitaji kibali cha kamati ya maadili, na kamati inaweza kurudisha maombi yako zaidi ya mara moja ikitaka fomu ya ridhaa iandikwe kwa lugha nyepesi. Kwa hiyo muulize msimamizi kuhusu kibali katika kikao chenu cha kwanza, au chagua swali linalojibika kwa hukumu na nyaraka zilizokwisha kuchapishwa.