Kabla hujabonyeza "nimesahau paswedi" kwenye akaunti ya zamani

Tulia kwanza. Najua akaunti ina picha zako za miaka yote na ile imeli uliyofungulia ilishakufa zamani, ila ukianza kubonyezabonyeza hovyo mfumo utakuona we ndo mwizi, utakufungia, hapo unasubiri masaa au hata siku.

Cha kwanza kabisa tafuta kifaa ambacho akaunti bado iko wazi. Ile simu ya kioo kilichopasuka iliyolala kwenye droo, laptopu ya zamani, chochote. Ichaji, iwashe, na USITOKE kwenye akaunti. Mimi ya kwangu niliipoteza hivyo hivyo, simu ilikuwa bado iko ndani kabisa, nikasema ngoja nitoke niingie upya labda itakaa sawa, basi ndo ikawa imetoka hiyo. Ukiikuta wazi nenda kwenye mipangilio uweke imeli mpya na namba unayotumia sasa. Mara nyingi hapo itakudai paswedi ya zamani, kwa hiyo pitia kwanza paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza, Chrome na Firefox zote huwa zinatunza, watu wengi wanayo humo humo na hawajui.

Halafu jiulize, imeli imekufa kweli au we ndo umesahau kuingia? Google wanaweza kufuta akaunti isiyoguswa miaka 2, walianza kufuta Desemba 2023, na Microsoft wenye Hotmail nao ni miaka 2. Gmail iliyofutwa haifunguliwi tena na mtu mwingine, hata wewe, so usipoteze muda kujaribu kuisajili upya. Yahoo ni tofauti, 2013 waligawa majina yaliyokuwa yamelala kwa watu wengine, maana yake namba ya uthibitisho inayotumwa ukiomba kubadili paswedi inaweza kwenda kwa mtu usiyemjua kabisa. Kama ilikuwa imeli ya kazini au chuo una bahati kidogo, waombe watu wa IT, wakikubali wanaweza kukufungulia hata kwa siku moja tu. Laini ya simu nayo ni hivyo hivyo, ukiiacha muda mrefu inauzwa kwa mwingine.

Kusanya ushahidi kabla hujajaza fomu yoyote ya kurudishiwa akaunti: jina la akaunti herufi kwa herufi, paswedi za zamani unazozikumbuka, mwezi na mwaka ulioifungua, risiti kama uliwahi kulipia kitu. Na ile imeli wanayokuonyesha na vinyota ukiomba kurudishiwa akaunti, mfano j*7, ipige skrinishoti, hiyo 7 ya mwisho inaweza kukukumbusha imeli uliyoisahau kabisa. Fomu ijazie kwenye kifaa ulichozoea na mahali ulipozoea kuingilia, Google wenyewe wanashauri hivyo.

Wale wanaokuja inbox wakisema "nakurudishia kwa dakika 10" ni matapeli, achana nao.

La mwisho, imeli mpya utakayoitumia iwe imara kabla hujaanza. Kama ni Gmail, washa uthibitisho wa hatua mbili (yaani paswedi peke yake haitoshi kuingia) halafu chukua zile namba za akiba za kuingilia siku simu haipo, zinakuja 10 na kila moja inatumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, usije ukazitunza ndani ya imeli hiyo hiyo.